Andaa nyumba na uwanja kabla mvua ya kwanza haijapiga: mchwa, mbu, papasi, nge na nyoka wa Dodoma

Ndugu zangu wa Dodoma, hasa nyie mliojenga pembeni huko, Nala, Iyumbu, Ihumwa, Nzuguni, Mtumba, na wale mliohamia na ofisi tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inakuja huku, hili la wadudu na nyoka tuliongee vizuri. Watu wengi wanaanza kuhangaika Desemba mvua ikishapiga, wanakimbilia duka la pembejeo kununua dawa, wakati kazi yenyewe ni ya mwezi wa tisa, wa kumi na wa kumi na moja, kipindi hiki cha jua kali.

Sababu ni hii. Kwetu huku mvua ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili hivi, na kwa mwaka mzima ni kama milimita 500 hadi 600 basi. Kuanzia Mei ardhi inakauka, ikifika Oktoba porini hakuna jani bichi wala dimbwi, sasa kila kiumbe kinatafuta maji, kivuli na chakula, na sehemu ambayo vyote vitatu vipo pamoja ni kwako: bomba linalovuja, rundo la tofali zilizobaki kwenye ujenzi, gunia la mahindi stoo. Ukiviacha hivyo vitatu utapuliza dawa kila mwezi na watarudi kila mwezi. Ukiviondoa, dawa utaihitaji kidogo sana, sehemu chache tu, na mimi ndo ninachotaka tuelewane kabla sijaingia kwenye hatua zenyewe.

Hatua ya 1: zunguka nyumba, anza na marundo

Chukua asubuhi moja, vaa gambuti na glovu nzito, uzunguke uwanja mzima kuanzia ukuta wa nyumba kwenda nje. Unachotafuta ni marundo: tofali, mabati chakavu, vipande vya mbao, kokoto, magunia ya saruji yaliyoganda, matairi, kuni. Nge na nyoka mchana wanakaa humo kwasababu kuna ubaridi, na panya wanazaa humo, na panya akishakuwepo nyoka anamfuata.

Usiingize mkono kwenye rundo hata siku moja, tumia reki au koleo. Na ukiinua tofali au bati shika upande wa mbali, ulivutie juu kuja kwako, ili tofali au bati lenyewe liwe ngao kati yako na kilichopo chini, chenyewe kikitoka kinatokea upande wa pili. Wafundisheni na vijana wanaowasaidia kazi, wengi wanainua upande wa karibu na miguu yao iko pale pale.

Vitu unavyovihitaji bado, panga juu ya chaga au tofali, viinuke kama futi moja kutoka chini, mbali na ukuta. Kuni zisiegemee jiko. Alafu uache ukanda mtupu kuzunguka nyumba nzima, nusu mita mpaka mita moja, hakuna nyasi, hakuna maua yanayolala ukutani, hakuna mbao zilizoegeshwa. Kokoto kidogo hapo ni nzuri. Ukanda huu ndo unakuonyesha kila kitu mapema, kinjia cha mchwa unakiona, mburuzo wa nyoka kwenye vumbi unauona, tundu la panya unaliona.

Kiwanja cha jirani ambacho ni pori na mwenyewe yuko Dar au hajulikani, nenda kwa mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, omba mtafutwe mawasiliano, mkikubaliana fyekeni angalau mita kumi za upande unaopakana na nyie. Msichome moto. Upepo wa Dodoma wa mwezi wa tisa unaujua, na hata ukidhibitika moto unawasukuma panya na nyoka wote waliokuwa humo waje upande wenye nyumba.

Hatua ya 2: mchwa

Hapa nitakaa kidogo kwasababu mchwa akifika kwenye kenchi, zile mbao za paa, hasara inahesabika kwa mamilioni, na mara nyingi mwenye nyumba anajua siku silingi imeanza kubonyea.

Mchwa anayekula nyumba anaishi ardhini. Mwili wake ni laini, hewa kavu inamuua haraka, kwa hiyo hatembei waziwazi, anajenga kinjia cha udongo kutoka chini, kinapanda msingi, kinapanda ukuta, mpaka kwenye fremu ya mlango au kwenye kenchi. Hicho kinjia ndo taarifa yako. Kila wiki mbili kagua nyuma ya milango, pembe za stoo, nyuma ya makabati, pale bomba zinapoingilia ukutani, na nje kote kwenye ule ukanda wako mtupu. Ukikiona usikifagie chote. Bomoa kipande cha katikati kama sentimita 5, andika tarehe ukutani kwa penseli, urudi baada ya siku mbili tatu. Kikijengwa tena ujue wapo kazini na unajua wanapita wapi, na hapo ndo dawa inapowekwa. Kisipojengwa usishangilie bado, kagua pembe nyingine, wanaweza kuwa wamebadili njia.

Kama ndo unajenga, una bahati, maana dawa rahisi na ya uhakika zaidi ni ile inayowekwa kabla ya jamvi, yaani sakafu ya zege. Kifusi kikishashindiliwa na kabla nailoni na zege havijawekwa, mwaga dawa juu ya kifusi chote, pembeni ya msingi ndani na nje, na kuzunguka kila bomba linalotokeza. Kipimo ni kile cha kwenye lebo, na nakusihi siku hiyo uwepo mwenyewe uone inavyochanganywa, kwasababu dawa iliyozidishwa maji inaonekana sawa na ile sahihi na utakuja kujua tofauti baada ya miaka mitatu. Zege limwagwe mapema baada ya hapo, kifusi kisikae kinapigwa na jua wala mvua. Mbao za kenchi nunua zilizotiwa dawa kiwandani, ni ghali kidogo lakini hutazibadilisha. Habari ya kupaka oili chafu naisikia kila saiti, mimi siishauri, inakaa juu juu tu haiingii ndani ya mbao, inachafua ardhi ikinyeshewa, na mbao zenye oili zinashika moto vibaya.

Nyumba ambayo tayari imesimama, nje unachimba kimtaro kuambaa na msingi, upana sentimita 15 na kina sentimita 15, unamwaga dawa, na udongo unaourudisha nao unauchanganya na dawa. Ndani fundi anatoboa matundu kwenye sakafu kando ya ukuta, kila baada ya futi moja hivi, anaingiza dawa kwa presha alafu anaziba kwa saruji. Dawa za mchwa ni za aina mbili, zipo ambazo mchwa anazihisi na kukwepa, nyingi za jamii ya bifenthrini ziko hivyo, na zipo ambazo hazihisi kabisa, kama fipronili na imidaklopridi, anapita juu yake na kuwapelekea wenzake huko chini. Kwa nyumba iliyoshavamiwa hizi za pili naona zinafaa zaidi, ila zinachukua wiki kadhaa, usiite fundi wa pili baada ya siku tatu.

Kichuguu kikiwa karibu na nyumba, kumwaga maji ya moto au dizeli juu unaua wafanyakazi tu. Malkia yuko chini kwenye chumba chake na anataga maelfu ya mayai kwa siku, mpaka umchimbe na kumtoa. Ila kichuguu kilichoko mwisho wa shamba huko kiache, hao wanageuza udongo na hawana shida na wewe.

Na kumbikumbi. Zile jioni za mvua za kwanza, wanapotoka kwa wingi na watoto wanakimbia na ndoo kuokota, kumbuka kila jozi ya kumbikumbi inayodondosha mabawa na kuingia kwenye ufa inaweza kuanzisha koloni jipya la mchwa. Okoteni mle, ni chakula kizuri, lakini zima taa za nje usiku ule, funga madirisha, na asubuhi ukikuta mabawa mengi ndani ya nyumba kagua hicho chumba kwa makini miezi inayofuata. Kwa ujumla taa ya nje ya rangi ya njano haivutii wadudu kama ile nyeupe, na ukiifunga mbali kidogo na mlango ni bora zaidi.

Hatua ya 3: maji, na mbu

Mtu atasema Dodoma ni kukavu mbu watoke wapi. Wanatoka kwetu wenyewe. Maji ni ya mgao, kila nyumba ina simtank, mapipa, madumu na beseni bafuni, na mbu wale weusi wenye madoa meupe miguuni, wanaong'ata mchana na kueneza dengi, wanapenda hasa maji ya kwenye vyombo. Yai mpaka mbu kamili kwenye joto letu ni kama siku 7 hadi 10, kwa hiyo ukishika ratiba ya mara moja kwa wiki unawakata katikati.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui: mayai ya huyu mbu yanagandishwa kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa bila kufa. Ukimwaga maji tu, siku bomba likirudi ukajaza, yanaanguliwa. Lazima usugue kuta za pipa kwa brashi ndo ujaze. Simtank iwe na mfuniko unaofunga kweli, na ile bomba ya kumwagikia juu uifunge kwa kipande cha wavu. Matairi toboa au toa kabisa, vifuu, makopo, visahani vya chini ya maua, na gata la bati ambalo limejaa majani ya mwarobaini, lisafishe Novemba.

Mbu wanaolia usiku kucha sebuleni mara nyingi ni wa kwenye karo. Mifuniko ya chemba ikipasuka rudishia kwa saruji, na bomba la kupumulia la karo livalishe wavu juu. Kwa choo cha shimo chenye maji kuna njia ya zamani iliyofanya kazi vizuri sana Makunduchi, Zanzibar, mwishoni mwa miaka ya 1980, wanamwaga zile punje nyeupe nyepesi za plastiki za kufungia mizigo, zinaelea zinafunika maji yote, viluwiluwi vinakosa hewa.

Malaria Dodoma ni kidogo ukilinganisha na Kanda ya Ziwa, lakini usitupe neti. Na wafugaji, mnakumbuka homa ya Bonde la Ufa ya mwaka 2007, baada ya zile mvua kubwa za mwisho wa 2006, mifugo ilitoa mimba na watu walikufa, na mkoa wetu ulikuwa kati ya ulioumia zaidi. Ule ugonjwa unaletwa na mbu na pia damu na nyama ya mnyama mgonjwa. Mwaka wenye mvua isiyo ya kawaida, sikiliza matangazo ya mifugo, na mnyama aliyetoa mimba usimshike mikono mitupu.

Hatua ya 4: nyufa za ndani, papasi na funza

Hii ni kwa ajili ya nyumba za wazee kijijini, Mvumi, Chamwino, Bahi, Mpwapwa, na hata vyumba vya udongo mjini. Papasi ni kupe laini, rangi ya udongo, anakaa kwenye nyufa za ukuta wa tope na sakafu ya vumbi, hasa kwenye tembe. Usiku anatoka, anang'ata dakika chache, anarudi kwenye ufa kabla hujaamka, ndo mana mtu anaumwa na hajawahi kumuona aliyemng'ata. Anaweza kukaa miaka bila kula, kwa hiyo kufunga chumba miezi mitatu hakusaidii.

Anachokiacha ni homa ya papasi. Homa kali inapanda, inashuka siku kadhaa mtu anadhani amepona, inarudi tena. Mvumi imejulikana kwa ugonjwa huu kwa miaka mingi, na wanaoumia zaidi ni wajawazito na watoto wadogo. Mama mjamzito mwenye homa inayokwenda na kurudi na kipimo cha malaria kinasema hana, mwambie daktari waziwazi kwamba nyumba ni ya udongo na kuna papasi, waangalie damu kwa darubini. Dawa ipo, ni antibayotiki, na inatibu.

Nyumbani fanya hivi. Toa vitu vyote chumbani, ziba nyufa, ukiweza piga plasta mpaka juu na sakafu ya saruji, hata ya chumba cha kulala peke yake kwanza. Kama saruji haipo kwenye bajeti, kandika upya kwa udongo laini uliochanganywa vizuri na urudie kila ufa unapotokea. Kitanda kiinuke, kiachane na ukuta kwa kiganja, blanketi na neti visiburuze chini. Kama mna bibi anayelala chini kwenye mkeka, mnunulieni kitanda kabla ya kumnunulia kitu kingine chochote.

Sakafu hiyo hiyo ya vumbi ndo ya funza, na kiangazi ndo wanazidi. Mwagia maji kidogo ndipo ufagie, kuku na mbwa wasilale ndani, watoto wavae viatu. Kunguni nao wamo kwenye mada hii lakini hawaletwi na uchafu, wanaletwa na mizigo na fanicha za kununua mkononi, kwa hiyo kagua mishono ya godoro kabla halijaingia ndani, fremu ya kitanda imwagie maji yanayochemka, nguo zifuliwe kwa maji ya moto.

Hatua ya 5: nzi, mende, panya

Nzi wa kwenye macho ya watoto wanazaliana kwenye kinyesi cha binadamu kilichoko wazi, na hao ndo wanaobeba vikope, ugonjwa ambao Kongwa umetafitiwa miongo kwa miongo. Kwa hiyo choo kwanza: tundu liwe na mfuniko, na kama kina bomba la kupumulia, juu uweke wavu usiooza. Ndani ya choo pawe na giza, nzi wakifuata mwanga wa juu kwenye bomba wanakwama kwenye wavu wanafia humo. Na watoto wanawe uso, hilo halina gharama.

Mende: kausha sinki usiku, funika ndoo ya mabaki, ziba tundu za bomba chini ya sinki. Ile chaki ya mende inayouzwa barabarani ni sumu kamili, na inafanana na chaki ya shule, nyumba yenye mtoto isiingie.

Panya mdogo anapita kwenye tundu la milimita 6 tu, yaani penseli ikiingia na yeye anaingia. Ziba kwa stilwaya iliyosokotwa ndani ya saruji, povu la kuzibia peke yake wanalitafuna. Magunia yawe juu ya chaga na mbali na ukuta, mahindi na mtama ukiweka kwenye ile mifuko ya kinga njaa unakomesha dumuzi pia, mradi nafaka imekauka vizuri. Tumia mitego. Sumu za kupima kwenye karatasi zisizo na lebo, zile za kuchanganya na dagaa, zimeshaua mbwa na kuku wengi na zinaweza kuua mtoto.

Hatua ya 6: nge na nyoka

Chini ya kila mlango wa nje weka raba, usiku mwanga wa ndani ukionekana kwa nje kuna nafasi ya nge. Madirisha yawe na wavu mzima. Viatu vigonge kabla ya kuvaa, taulo likung'ute, usitembee uwanjani usiku bila tochi na viatu. Zipo tochi za mwanga wa zambarau, nge akimulikwa nayo anang'aa rangi ya kijani, ukipita nayo usiku mmoja kuzunguka nyumba unajua una nge wangapi na wanakaa wapi. Mwenye mikono myembamba na mkia mnene ndo wa kuogopwa zaidi. Akimng'ata mtu mzima weka kitu cha baridi na umpe paracetamol, lakini mtoto, au yeyote anayetoa mate sana, anayetetemeka au anayepumua kwa shida, ni hospitali muda huo huo.

Nyoka wa kuwajua: kifutu, mnene, anafanana na majani makavu na hakimbii ukimkaribia, ndo mana wengi wanamkanyaga. Swila, yule anayetema sumu kwenye macho, akikutemea osha kwa maji mengi ya kutiririka dakika 15 au zaidi, usifikiche, nenda hospitali. Koboko ni mrefu na mwepesi sana, mpe njia aondoke. Ukimkuta nyoka ndani, toa watu, funga mlango, mtu mmoja amwangalie kwa mbali anapoelekea, tafuta anayejua kuwakamata. Watu wengi huumwa wakiwa wanajaribu kumuua.

Akishamuuma mtu: mtulize, avue pete na bangili kabla hajavimba, funga mguu au mkono kwenye kipande cha ubao usitikisike, mbebeni, asitembee. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, na jiwe la nyoka halitoi sumu, linakula muda wako tu. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017, na dawa yake ya kuzuia sumu haipo kila zahanati, kwa hiyo leo, kabla hakijatokea kitu, ulizia hospitali gani karibu na kwako inayo na uiandike namba ya bodaboda au gari la usiku ukutani.

Ukibaki na haja ya kupuliza

Nunua duka lenye kibali, dawa iliyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, ikiwa kwenye chupa yake yenye lebo unayoisoma. Kiuatilifu cha shambani hakipulizwi chumbani. Vaa mikono mirefu, glovu, barakoa na miwani, toa watoto, vyombo, maji ya kunywa na mifugo, puliza kwenye nyufa na pembe tu, subiri pakauke, fungua madirisha ndo watu warudi. Bustani ya mchicha hauhitaji hata hiyo, twanga mbegu kavu za mwarobaini, gramu 50 kwa lita 1 ya maji, loweka usiku mmoja, chuja, tia sabuni kidogo, puliza jioni kwasababu jua linaivunja nguvu.

Dawa iliyobaki usihamishie kwenye chupa ya soda wala ya maji. Ikae kwenye chupa yake, juu, kabatini, na kufuli.